Mlango wa Mvule wa Chumba cha Tatu

Kama una vyumba vya kupangisha, hata viwili tu vya udongo nyuma ya jiko lako, nisikilize mimi. Naitwa Bakhit. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu ilikuwa inanichelewesha, na bado hapa Masese hakuna anayejua nyumba kunishinda. Wenye vyeti vyao huja kuniuliza. Nawajibu nikitaka.

Haya ninayoandika yalimpata shangazi yangu Hajarah. Kama unadhani natunga, njoo Jinja, teremka mpaka Masese, uliza kwa mama wa vyumba vinne. Utaonyeshwa. Kuingia usiombe.

Siku yalipoanza ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Jumanne, saa nne asubuhi, samaki wameanikwa, redio ya jirani inaimba. Mimi nimepiga magoti chumba cha tatu, nalainisha simiti kwa mwiko, na shangazi ameketi mlangoni kwenye kigoda chake ananisimamia kama mhandisi. Nasema mlangoni, lakini mlango wenyewe haukuwepo. Ndiyo kazi iliyokuwa imebaki.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja na jeshi kutoka Sudan, na serikali ya kijeshi iliyotupendelea ilipoanguka mwaka wa sabini na tisa, kila mtu alitukumbuka kwa ubaya. Shangazi alikimbilia kaskazini, akavuka mpaka, akakaa huko miaka minane. Aliporudi alikuta kuta tu. Mabati hakuna, madirisha hakuna, milango hakuna, hata misumari ya kutundikia nguo ilikuwa imeng'olewa. Na waliong'oa hawakwenda mbali. Akienda sokoni aliuona mlango wake wa sebuleni kwenye duka la nyama, na ule wa kijani kwenye nyumba ya mtu aliyecheza naye utotoni. Alikuwa anasimama, anamsalimia mwenye nyumba, anauliza hali ya watoto, anaondoka. Hakudai hata mmoja. Alisema jambo moja tu, na alilirudia mpaka nikachoka: kwake hautaingia mlango wa mtu mwingine. Ninunue mabati yaliyotumika, ninunue kitanda cha marehemu nikitaka, lakini si mlango.

Nilimwambia sawa, shangazi.

Vyumba vile vinne ndivyo vilivyokuwa maisha yake. Binti zake wa Bombo walimtaka akaishi nao, maana yake akalale jikoni alee wajukuu. Na jirani yetu Isabirye, aliyelima mahindi kwenye kiwanja kile miaka yote minane mpaka akazoea, alikuwa anapita kila wiki kumsalimia kwa heshima nyingi na kumuuliza kama hajachoka. Siku moja, mbele ya wazee wa RC, lile baraza letu la mtaa, shangazi akampa neno: vyumba vikikosa watu mpaka Ramadhani, atamuuzia. Shangazi akitoa neno, limetoka. Kwa hiyo kiwanja chote, na yeye mwenyewe juu yake, vilikuwa mikononi mwangu.

Na mikono yangu si mibaya. Sikiliza, hii sikutozi. Sakafu iinue vidole viwili juu ya ardhi ya nje, kisha uilaze kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kudeki yatoke yenyewe. Madirisha yatazamane, moshi wa mkaa upite. Ukuta wa udongo upige simiti mpaka kiunoni, mvua isiule. Choo kiwe nyuma, na mlango wake usitazame njia. Ukifanya hayo, mpangaji mwanamke akiingia atavua ndala aijaribu sakafu kwa unyayo, na akishavua ndala amekwisha, ni wako. Chumba cha tatu nilikifanya vizuri kuliko vyote. Nilikuwa nawaambia watu, kutoka hapa mpaka Mbale hakuna chumba kama hiki, na kama kipo nionyesheni.

Milango mitatu alitengeneza seremala wetu. Mbao zikaisha, na mimi subira sikuzaliwa nayo. Alfayo Odero, dereva wa lori kutoka Kenya ambaye hupitia kwetu kupakia samaki, alikuwa anaenda Mbale. Nikapanda.

Nyuma ya soko la Mbale kulikuwa na mzee anayeuza mbao za nyumba zilizobomolewa. Pale ndipo nilipouona. Mvule mtupu, mzito kama ng'ombe, umesimama ndani ya fremu yake umeegemezwa kwenye nguzo, komeo limefungwa. Ulikuwa umeng'olewa mzima mzima, fremu na mlango pamoja, bila kufunguliwa. Yule mzee alisema ndivyo alivyoukuta, na kwamba komeo limekataa. Nikacheka. Nikazunguka upande wa ndani, maana ukuta haupo, nikaligonga lile komeo kwa nyundo mpaka likasalimu amri. Upande wa nje rangi ilikuwa imetoka malengelenge kama uji uliochemka. Nikakwangua. Nikapaka bluu. Nikamwambia shangazi umetengenezwa Mbale, mpya.

Akaupapasa kwa kiganja. Akasema ni mzito. Akanishukuru.

Sasa kuhusu kuchagua wapangaji, hapo ndipo mnapoumia nyote. Mnatazama viatu. Mimi natazama sufuria. Mtu mwenye sufuria zilizosuguliwa chini hatakusumbua. Natazama nani amembebea godoro, maana asiye na hata rafiki mmoja wa kumbebea godoro ana sababu. Namdai barua ya RC wa alikotoka, na barua yenyewe naigeuza nyuma na mbele, kwa sababu wakati ule, vita vikiwa bado vinanuka huko Teso na watu wakihamahama, kila mtu alikuwa na barua. Watu wawili tu kwa chumba. Watoto, hapana. Watoto wanachora kuta na kujaza choo.

Na kila Jumamosi nilikuwa na ukaguzi. Nilijifunza kwenye vizuizi vya barabarani nikiwa mdogo. Ngumi tatu mlangoni, halafu ile sauti.

"Fungua. Fungua mlango."

Kwa Kiswahili cha kambini, cha askari, unakijua. Katika nchi hii kila mtu anakumbuka alikisikia wapi kwa mara ya kwanza. Wapangaji walikuwa wanaruka kama panzi, mimi nacheka mpaka nashika ukuta. Shangazi alinikataza. Nilimwambia ni mchezo.

Mpangaji wa kwanza wa chumba cha tatu alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, sufuria safi. Wiki ya pili alirudi saa sita mchana kula akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akaniita. Nikagonga ngumi zangu tatu, nikanguruma. Kimya. Nikachungulia dirishani: godoro, baiskeli iliyopinduliwa, sakafu yangu inang'aa. Hakuna mtu. Nikapitisha chuma chembamba kwenye nondo za dirisha nikalisogeza komeo kwa taabu, likawa linarudi, nalisogeza, linarudi. Nikasema ni kutu. Nikalipaka mafuta ya kupikia.

Jumamosi iliyofuata nikagonga tena, na lile komeo nililolipaka mafuta likajifunga mbele ya masikio yangu. Taratibu. Kama mtu anayejitahidi asisikike.

Yule fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, nje, mikono imejaa grisi.

Alihama siku hiyohiyo. Hakugombana na mtu. Aliniuliza tu, huku anafunga godoro, kama chumba kile kiliwahi kuungua. Nikamwambia nimekijenga kwa mikono hii, hakijawahi hata kuona mshumaa. Akasema basi ni pua yake.

Ndipo nikamleta Roselyn. Huyu alikuwa muuza samaki, Mjaluo wa upande wa Kenya, mabega ya kubeba mitungi, mdomo wa kuninyoosha mimi. Alifaulu mtihani wangu wote na yeye akanipa wake: aliuliza choo kinafukiwa lini, maji ya mvua yanaenda wapi, na kwa nini mwenye mdomo mrefu hivi hana mke. Nikampenda kama mpangaji. Akakaa mwezi, miezi miwili, mitatu. Nikatamba mtaa mzima kwamba tatizo lilikuwa fundi baiskeli.

Halafu Jumamosi moja nikawa naelekea mlangoni kwake na ngumi juu, akatoka upande wa jiko akanishika kifundo cha mkono. Huyu mwanamke hajawahi kunong'ona maishani mwake. Siku hiyo alinong'ona.

"Usigonge, Bakhit."

Nikamuuliza kwa nini, nina haki ya kukagua.

"Ukigonga wanakuja kusimama nyuma yangu. Wanajibana kwangu. Nasikia joto lao mgongoni."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Aliniambia yeye amejifunza: anaingia polepole, hagongi, hapigi kelele, na Kiswahili anakiacha nje. Ndani anajiimbia nyimbo za kwao tu. Wakati huo wanatulia, chumba kinakuwa chumba. Nikamwambia ajaribu kulala mapema. Ndivyo nilivyomjibu, mimi mjuaji.

Mwezi wa kwanza wa tisini na moja ikaja sensa. Karani wetu alikuwa Madina, mwalimu wa shule ya msingi, tuliyekaa naye dawati moja mpaka nilipoacha. Mchana kweupe, jua la saa saba, nimekaa kivulini nakula mhogo. Alikuwa anapita mlango kwa mlango na daftari lake kubwa, anaandika idadi kwa chaki juu ya mlango. Akanipita akanitania kama kawaida yake kwamba atanisaidia kuhesabu vyumba vinne kama ni vingi kwangu. Baada ya muda akarudi anafunga kalamu.

"Wewe si ulisema hutaki watoto kwako?" akasema. "Chumba cha tatu mna watu saba."

Nikamwambia chumba cha tatu anaishi mwanamke mmoja, Roselyn, na yuko mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, tangu alfajiri.

"Nimewaandika, Bakhit. Nimepiga hodi kwa Kiganda, mama akanijibu kutoka ndani, Kiganda cha Mgisu, cha watu wa Mbale. Ameniomba nisifungue, mtoto anaumwa."

Akanisomea. Baba, Kuloba. Mama, Khainza. Watoto watatu, na majina yao, mdogo hajatimiza miaka miwili. Watano. Na yule muuza samaki, yule mama mwenyewe ndiye aliyemtaja, wa sita.

"Na wa saba?"

Madina akalitazama daftari. Alikuwa hacheki tena, nadhani aliona uso wangu.

"Wa saba walikataa kumtaja. Nikauliza ni mgeni? Wakanyamaza. Nikauliza tena. Yule mama akasema kwa sauti ya chini kabisa, niandike tu, mmoja."

Tukaenda pamoja. Juu ya mlango wa bluu kulikuwa na saba yake ya chaki, mbichi. Chini yake, nje, kufuli la Roselyn lilikuwa limening'inia.

Limefungwa.

Madina alikuwa ameliegemea lile kufuli anaandika, na hakuliona.

Habari kama hiyo haikai kwa mtu mmoja. Kufikia Ijumaa wapangaji wa chumba cha kwanza, cha pili na cha nne walikuwa wameondoka, mmoja ameacha hata jiko lake la mkaa. Roselyn akahamia cha kwanza akabaki peke yake. Isabirye akapita, akamsalimia shangazi kwa heshima, akauliza Ramadhani ni lini mwaka huu. Shangazi akamjibu ni katikati ya mwezi wa tatu, inshallah, akamkaribisha chai.

Alipoondoka, shangazi akaenda mwenyewe mpaka chumba cha tatu. Nikamfuata. Aliupapasa tena ule mlango kwa kiganja, polepole, kutoka juu mpaka chini, kama unavyompapasa mgonjwa. Karibu na bawaba ukucha wake ukabandua rangi yangu. Chini ya bluu kulikuwa na nyeusi. Chini ya nyeusi, mkaa.

"Ni wa nani?" akaniuliza.

Nilikuwa na uongo mwingine tayari, mzuri kuliko wa kwanza. Sikuutoa. Nilimwambia kweli yote. Nilitaka anitukane, Mungu shahidi, nilitaka anipige na kile kigoda. Alisema tu nimrudishie mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe huenda hayupo. Akasema basi nirudishe alipokuwa.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile mpaka leo ninayo. Miezi minane ya kazi. Sakafu ile. Nimebeba mchanga kichwani mimi. Na sasa nang'oa mlango wangu mwenyewe kwa mtaimbo, fremu na yote, tundu limebaki ukutani kama jino lililotoka, na Isabirye anatazama juu ya ua wa mianzi kwa huruma. Shangazi akatundika mkeka pale. Odero akanipakia, akaniuliza bwana mdogo safari hii unauza au unazika. Njia nzima lile komeo lilikuwa linagonga nyuma ya lori, barabara ikiwa mbovu. Tulipofika kwenye lami, likaendelea kugonga.

Mzee wa mbao Mbale alikumbuka. Alisema uliletwa kwa baiskeli mbili kutoka Busiu, kwenye barabara ya Tororo. Odero akanishusha huko saa nane mchana, akanisaidia kuubeba mpaka ndani ya migomba, akarudi haraka kwenye lori lake.

Kulikuwa na mama mmoja analima. Nilimwita kwa sauti yangu, maana ndiyo niliyo nayo. Jembe lilibaki hewani.

"Wewe ni askari?"

"Hapana, mama."

"Unaongea kama wao."

Alikuwa anaitwa Nanyama. Alipouona mlango, jembe aliliweka chini taratibu, akanionyesha njia bila kuniuliza kitu. Nyuma ya migomba yake kulikuwa na kuta nne fupi, nyeusi, majani yameota ndani. Upande wa mbele, tundu. Tukauinua pamoja, mimi na yeye, tukausukuma. Uliingia wenyewe. Kila tundu la msumari lilikutana na mwenzake.

Hapo ndipo aliponiambia, akisimama mbali nao kidogo. Kuloba alikuwa mtu wa maringo kama mimi. Paa lilikuwa bado la nyasi, mabati atanunua mwakani, lakini mlango alitaka wa mvule, alianza na mlango. Wakati wa vita vile, watu wenye bunduki walikuja mchana, jua kali. Wakapiga ngumi. Wakasema fungua, kwa Kiswahili. Kuloba alikuwa ameshafunga komeo, na alimwambia mkewe mlango ule hauvunjiki. Ni kweli haukuvunjika. Wakawasha nyasi.

"Siku ya tatu tulikuja," Nanyama alisema. "Kuta zipo. Mlango upo, komeo limefungwa. Tulizika tulichokipata. Kisha mtu akaja usawa wa jioni akaubeba. Haukufunguliwa, mwanangu. Uling'olewa."

Nikamwambia mimi niliufungua kwa nyundo.

"Wewe uliuvunja. Wao wakafunga tena. Nani amewaambia yamekwisha?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeuacha wazi ulipoingia ukutani. Nina hakika, mkono wangu ndio uliouacha.

Ulikuwa umefungwa.

Nanyama akausogelea. Hakugonga. Aliweka kiganja kwenye mbao na kuanza kuongea Kigisu, sauti ya kumbembeleza mtoto asiyetaka kula. Sikuelewa isipokuwa majina. Aliongea muda mrefu. Migomba ilitulia. Ndege walitulia. Mimi mdomo wangu, kwa mara ya kwanza, ulitulia.

Komeo likasogea.

Taratibu. Kwa ndani.

Mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja. Nyuma yake niliona majani na ukuta mweusi, basi. Lakini joto lilitoka. Joto la jiko. Likapita kando yangu, na Nanyama akasema, "Kuloba." Likapita jingine. "Khainza." Halafu matatu, ya chini, ya usawa wa kiuno changu, na jina kila moja. La mwisho lilipita polepole sana.

Watano. Nanyama akafumba mdomo, akafuta macho.

Nikamwambia bado mmoja.

"Hapa walikuwa watano."

Nikamwambia daftari la sensa lilisema saba, ukimtoa muuza samaki wanabaki sita. Akanitazama. Na wakati ananitazama, mlango ukasukumwa tena, safari hii mpaka mwisho, ukagonga ukuta. Kama kwa mtu mnene. Au mtu aliyebeba kitu.

Joto hili halikunipita. Lilisimama.

Nanyama alichukua jembe lake akaondoka bila kuaga. Alikuwa anatembea haraka kwa mwanamke wa umri ule. Mimi nilikimbia, sioni aibu kusema, nilikimbia mpaka barabarani na nikapanda gari la kwanza lililoelekea Mbale. Asubuhi yake nikapata gari la Jinja.

Njiani nilirudi kuwa Bakhit. Ndivyo nilivyo. Nilijiambia kazi imekwisha, nimeimaliza mimi, nitaweka mlango wa mbao nyepesi, nitapaka chokaa, kabla ya Ramadhani vyumba vimejaa na Isabirye atafute kwingine kwa kulima mahindi yake. Nilifika nyumbani saa tano nikipiga mluzi.

Shangazi alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya chumba cha tatu. Mkeka ulikuwa umefunuliwa nusu. Roselyn alikuwa nyuma yake, amesimama, mkono begani mwake.

Shangazi aliniambia nisiingie. Aliniambia jana, baada tu ya sala ya alasiri, alisikia ndani kitu kama mchanga unamwagwa. Alipofunua mkeka, sakafu yangu yote ilikuwa na majivu. Majivu mepesi, ya nyasi, unene wa kidole, kutoka ukuta mpaka ukuta. Chumba ambacho hakijawahi kuona hata mshumaa.

Kwenye majivu kulikuwa na nyayo. Niliziona mwenyewe, zilikuwa bado zipo. Za mtu mzima mwanamume, miguu mitupu. Za mwanamke. Za watoto watatu, nyingine ndogo kama ganda la karanga. Zote zilianzia kizingitini. Zote zilikuwa zinaingia. Zilikwenda mpaka ukuta wa nyuma, chini ya dirisha, na hapo zikasimama zimebanana.

Hakukuwa na hata moja inayotoka.

"Nimewarudisha kwao," nikamwambia. Sauti yangu ilitoka ya kitoto. "Shangazi, wametoka. Niliwasikia. Kwa nini waje hapa?"

"Kwao kuna paa?"

Nikatazama juu, mabati niliyoyapigilia mwenyewe.

"Hapa kuna paa," akasema. "Kuna sakafu. Si wewe uliyekuwa unatangaza kwamba hakuna chumba kama hiki mpaka Mbale? Wamekusikia."

Hakuwa ananitania. Alisema wageni wake wamevua viatu kama watu wa adabu, na yeye aliishi nchi za watu miaka minane kwenye nyumba za waliompokea bila kumdai barua, kwa hiyo hao watano hana neno nao. Wakae. Chumba cha tatu hakipangishwi.

Nilitaka kupiga kelele. Chumba kizuri kuliko vyote Masese, na wapangaji ambao sikuwakagua sufuria. Nikamwambia basi tumeshindwa, auze tu, Isabirye achukue kiwanja na waliomo. Bombo kuna jiko, atalala.

Shangazi akanishika sikio, kwa upole, akanivuta mpaka usawa wa kizingiti.

"Tazama vizuri."

Nilikuwa nimeziona zile zilizokwenda ukutani. Sikuwa nimetazama karibu. Hapa, hatua mbili tu ndani ya mlango, palikuwa na jozi nyingine. Kubwa. Viatu vizito, vya askari, na alama za misumari kwenye soli. Hazikutembea chumbani. Ziliingia, zikasimama. Visigino vilikuwa upande wetu, ncha zilielekea ule ukuta wa nyuma, zile nyayo ndogo zilizobanana.

Majivu yaliyokuwa chini ya viatu vile yalikuwa bado yanafuka moshi. Kidogo. Kama ya sigara.

"Hao nimewakaribisha," shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hakubisha hodi. Nikiuza, niwaache naye?"

Ramadhani ilipofika Isabirye alikuja na wazee wa RC. Shangazi aliwaambia vyumba vina watu, akawahesabia: Roselyn cha kwanza, na cha tatu watu sita. Waende wakahakikishe. Mzee mmoja alifunua mkeka. Akaurudisha, akauweka sawasawa na kando zake, akasema shauri limekwisha.

Shangazi bado yupo. Chumba cha pili na cha nne vimepata watu, wanalipa vizuri, ni mimi niliyewachagua. Mlango wa chumba cha tatu hataki uwekwe. Kila siku baada ya alasiri anabeba kigoda anakaa pale kizingitini, mgongo kwa uwanja, uso kwa ndani, anasuka mikeka na kuongea kidogo kidogo, mara Kinubi, mara vineno vya Kigisu alivyojifunza sokoni. Kiswahili hakitumii pale. Anafagia Ijumaa, na Jumamosi majivu yapo.

Wiki iliyopita nilimpelekea chai. Hakugeuka kuipokea. Alinionyesha kwa kidole tu, pale sakafuni.

Vile viatu vilikuwa vimegeuka. Ncha zilikuwa zinamtazama yeye.